Mmea wa Mama, Juani

Jumatatu, 3 Juni. Leo natimiza miaka thelathini na mmoja ugenini. Mmea wa mama, niliokuja nao ukiwa kijiti ndani ya soksi, vilevile. Haujawahi kuchanua. Mfamasia wa ghorofa ya chini, mwenye vyungu vilivyojaa maua, kaniambia ngazini kwamba wangu unafaa kupamba msiba. Nimecheka. Sikupenda.

Jumanne, 4 Juni. Maktaba. Jambo la ajabu! Mwanga ukizidi, kloroplasti, zile chembe za kijani ndani ya jani, hutoa oksijeni kali inayounguza. Lakini jani lina vimeng'enya, protini zake maalumu, vya kuituliza hatua kwa hatua, hadi yabaki maji na oksijeni ya kawaida. Mmea una wazima moto wake! Jua likizidi, nao huongezeka. Ukurasa uliofuata ulikuwa mrefu. Nimefunga kitabu.

Jumatano, 5 Juni. Nimeutoa kwenye kona ya korido, nimeupandisha paani. Jua la saa sita. Mke wa mwanangu kauliza, baba, mmea wa kivulini huo, si utaungua? Nimemweleza habari za vimeng'enya. Kasema haya, ila yeye asiitwe kuzima.

Alhamisi, 6 Juni. Majani meupe kama karatasi! Nimerudi kusoma ule ukurasa mrefu. Jani la kivulini lina vimeng'enya vichache; lizoeshwe jua polepole, siku kadhaa. Si wangeandika mwanzoni?

Ijumaa, 7 Juni. Nimechuma majani ya mfamasia, manane tu, nikayatwanga, nikaunyunyizia mmea maji yake ili upate vimeng'enya vya kuazima. Mfamasia kanifuma na kinu mkononi. Kasema, mzee mwenzangu, vitu hivyo haviingii kwa kupakwa nje. Nikikumwagia supu kichwani, utashiba?

Jumamosi, 8 Juni. Limebaki jani moja la kijani, chini kabisa. Nimempigia simu dada yangu aliyebaki kwetu, nikamwomba kijiti kingine. Kasema nyumba ya mama iliuzwa, ua umemwagiwa zege. Huo wangu ndio wa mwisho. Kauliza, kaka, utakuja lini angalau uone mahali ilipokuwa?

Jumapili, 9 Juni. Mfamasia kapanda mwenyewe, kaurudisha mmea kivulini, kaniapisha nisiuguse miezi miwili. Nimeapa. Ila nimewaza: jani likiwa moja, halina wa kugawana naye vimeng'enya, vyote ni vyake. Kesho naupandisha paani. Dada nimemwandikia asiningoje. Sitarudi.