Baridi Iliyoshuka Thika

Ukifika mwezi wa Julai, baridi ya mlimani huisha. Inaisha kabisa! Aliyegundua jambo hili ni Barasa, muuza magodoro wa Thika, na aliligundua akiwa amesimama mbele ya kanisa zima pale Ngoingwa. Mlima hakuwahi kupanda. Kilele cha juu alichowahi kufikia ni rundo la magodoro dukani kwake.

"Hebu fikirini," alisema mwenyekiti huyo wa kamati ya safari ya vijana wa kanisa kwenda mlimani, akipandisha suruali. "Julai hapa Thika tunatetemeka, si ndiyo? Hiyo baridi inatoka wapi?"

"Mlimani!" watu wakajibu.

"Sasa ikishashuka yote huku, kule juu kunabaki nini?"

Mwenyekiti akainua kidole juu.

"Joto!" Barasa akajijibu. "Tena kule mtu yuko karibu na jua! Vijana wetu wataenda Julai. Na masweta ni marufuku, yatajaza gari bure."

Makofi yakalia. Awiti peke yake hakupiga. Binti yake Lynn alikuwa wa kwanza kuandikisha jina, na kifua cha Lynn alikijua: upepo ukipita Makongeni, Lynn anakohoa Ngoingwa. Bonde ambako vijana wangepiga kambi lilikuwa juu kabisa ya Milima ya Aberdare, mahali gari halifiki, na Julai ukungu wa kule hulala mpaka mchana bila aibu.

"Mwenyekiti," akasema, "si twende Februari, wakati wa mapumziko ya midterm? Kumekauka, na mawingu ni machache."

"Mama Lynn, wewe una wasiwasi hata chumvi itaoza! Mimi baridi inanijua. Tukikutana, inahama barabara!"

Awiti alirudi nyumbani akaosha sufuria moja mara tatu. Akimkataza Lynn, watanuniana hadi Krismasi. Akibishana na Barasa, ataitwa adui wa maendeleo. Alipoiosha mara ya nne, akakumbuka maua.

Kila Jumamosi wanakamati, Awiti akiwa mmoja wao, walienda shamba moja la maua karibu na Ruiru kuchukua mawaridi ya madhabahuni, yale yaliyopinda shina ambayo hayawezi kuuzwa ng'ambo. Maua hayo huwekwa kwenye chumba cha baridi, na msimamizi wa chumba hicho, Mutisya, aliimba kwaya moja na Awiti.

Jumamosi hiyo wakaenda kwa pikapu ya Barasa, iliyoandikwa ubavuni LALA KAMA MFALME. Mutisya alikuwa amevaa koti nene kama godoro. Akamnyooshea Barasa jingine.

"La nini?" Barasa akacheka, mikono ya shati imekunjwa. Akaingia. "Humu ni kama sebuleni kwangu!"

"Wanasema baridi ya humu ni kama ya kule bondeni Julai," Awiti akasema polepole.

"Hii? Hii hata mtoto mchanga analala!"

"Basi utungojee humo, mwenyekiti, tukichagua maua hapa nje."

"Chagueni hata mpaka jioni!"

Mlango ukarudishwa tu, haukufungwa. Mutisya alikuwa amemwonyesha Barasa kishikio: ukisukuma, uko nje. Kilichomfungia Barasa mle ndani ni mdomo wake.

Awiti akachungulia kwenye kioo cha mlango. Mwanzoni mwenyekiti alitembea mikono mfukoni kama waziri anayekagua gwaride. Halafu akaanza kuimba pambio. Pambio likaongezwa makofi, makofi yakaongezwa kuruka, na pambio lenyewe halikuwa la kuruka.

"Uko sawa, mwenyekiti?"

"N-n-naona jo-jo-joto!"

"Yawa!" Awiti akamaka kwa Kijaluo. Je, akiganda? Atamwambia nini mkewe, Mama Mourine? "Mutisya, mtoe!"

"Mlango uko wazi, mama. Akitaka atatoka."

"Huyo si mtu wa kutaka!"

Kabla hajaushika, mlango ukafunguka wenyewe. Kikatoka kitu. Kichwani kina katoni, kifuani kimezungushiwa karatasi za maua kama keki ya harusi. Katoni ilikuwa na onyo kwamba mzigo huu ni laini, ushikwe taratibu.

"Ni-ni-nimemaliza u-ukaguzi," kitu kikasema.

Awiti akafungua mkoba. Tangu Lynn azaliwe, Awiti hakuwahi kutoka nyumbani bila sweta ya binti yake. Akamvisha mwenyekiti ile ya pinki, yenye paka kifuani. Ilimfika kitovuni. Barasa hakutaja marufuku hata kidogo.

Kesho yake alisimama kanisani akiwa na koti lililofungwa vifungo vyote, sauti imekauka.

"Baada ya utafiti wa kina, safari ni Februari. Kila kijana masweta mawili. Mwenye matatu abarikiwe."

"Na ile baridi, mwenyekiti?" mzee mmoja akauliza. "Si ulisema Julai inashuka yote Thika?"

"Inashuka," Barasa akajibu kwa heshima zote. "Lakini inapumzika Ruiru. Nilikutana nayo."

"Ikahama barabara?" Awiti akauliza.

Barasa akafungua mdomo ajibu. Ikatoka chafya! Chafya ya kuamsha mtaa! Vifungo vya koti vikaruka, na paka akachungulia kanisa zima.

"Mum!" Lynn akaita kutoka benchi la vijana. "Si hiyo ni sweta yangu?"