Katuni za Krismasi kwa Kinyozi

Jumamosi, 20 Desemba
Nimenunua viti vya plastiki na taa za rangi. Hakuna aliyekuja kukaa. Wote wako kwa kinyozi, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Kila Desemba hufungua sanduku la vitabu vya katuni vya Krismasi, vya tangu enzi za baba yake. Karatasi za manjano, majalada yamebanduka! Mmoja anasoma, wengine wanacheka. Hata mama mkwe wangu yumo, nasikia kicheko chake ukutani. Kwangu hajacheka tangu harusi. Na siku ile alikuwa anaicheka suti yangu.

Jumapili, 21 Desemba
Nimemtangazia mke wangu kwamba Krismasi hii wageni watajaa kwetu. Akauliza watafuata nini. Nikamwambia atajionea.

Jumatatu, 22 Desemba
Wazo! Nimenunua katuni mpya, nikazichovya kwenye chai ya rangi ili zionekane kuukuu. Zimetoka safi, utadhani zimerithiwa. Nimezianika chumbani kwa mama mkwe, penye dirisha kubwa.

Jumanne, 23 Desemba
Chai ilikuwa na sukari. Sisimizi! Ukoo mzima, na wakwe zao. Kurasa zimegandamana kama matofali. Mama mkwe amelala sebuleni juu ya viti vyangu vya plastiki. Asubuhi akasema, “Mkwe wangu, leo viti vyako vimepata kazi.”

Jumatano, 24 Desemba
Mbinu mpya. Nilimnong'oneza fundi viatu barabarani kwamba kinyozi amesafiri, kwa hiyo kesho watu waje kwangu. Akaniuliza, basi ni nani aliyempaka povu hili shavuni sasa hivi? Sikuwa nimemwangalia usoni.

Alhamisi, 25 Desemba
Jioni. Taa zinawaka, hakuna mtu. Mke wangu na mama yake wameshakwenda kwa kinyozi. Hodi! Kinyozi mwenyewe. Nikajiandaa kwa ugomvi.
“Macho yangu yamechoka, jirani,” akasema. “Wewe una sauti. Njoo utusomee. Na viti njoo navyo, watu wamesimama.”
Nikaenda. Nikasoma ile ya tarishi anayekosea nyumba zote, na kila mtu anaipenda zaidi zawadi ya mwenzake. Walivunjika mbavu. Fundi viatu akanisogezea keki. Mama mkwe alicheka mpaka akaniegemea begani, akasahau kuondoka. Nikajifuta macho. Nikasingizia vumbi la karatasi.

Ijumaa, 26 Desemba
Nimewaza tangu alfajiri. Jana watu walimfuata nani? Sauti yangu! Kinyozi anasafiria nyota yangu, na mimi namchekea tu. Haiwezekani. Mkesha wa mwaka mpya watakuja kwangu, wapende wasipende. Nimeshaazima tarumbeta. Kupiga sijui. Hilo ni jambo dogo.