Jumamosi Ndiyo Mbovu, Si Gari Langu

Ndugu Mhariri,

"Msomaji mmoja amelileta gari lake kwangu mara nne. Gari halina kitu. Kinachokohoa ni masikio yake." Hayo aliyaandika fundi wenu wa safu ya magari Jumatano iliyopita, na mtaa mzima ukacheka. Msomaji huyo ni mimi. Masikio yangu ni mazima: yalimsikia hata mke wangu akiicheka safu hiyo jikoni, nami niko uani.

Ugomvi wangu ni na hilo neno "halina kitu". Gari hili lina silinda nne, lina milango minne ambayo mitatu hufunguka, na kila Jumamosi asubuhi lina kikohozi. Nikikanyaga mafuta linashtuka, silinda moja inagoma, gari zima linatetemeka, halafu linatulia na kujifanya halikusema neno. Sasa nilalamike kwa utaratibu:

1. Jumatatu, gerejini, gari hilohilo linanguruma kwa adabu. Fundi ameweka plagi mpya, ameinamisha sikio juu ya injini, ametuzungusha mitaa sita nikiwa nimekaa pembeni yake kama mshitakiwa. Halikukohoa hata mara moja. "Unaona, mzee?" Naona nini? Naona gari linalomheshimu fundi kuliko mwenyewe.

2. Binti yangu anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo. Alipokuwa na siku tatu duniani tulimtoa hospitalini kwenye kiti cha nyuma cha gari hili, nami nikaendesha polepole hata baiskeli zikatupita. Siku ile nilimwahidi kwamba atakapoondoka kwangu, ataondokea kwenye kiti kilekile. Sasa shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, keshaazima gari jeupe la rafiki yake. "Shemeji, bibi harusi haolewi huku anasukuma gari," aliniambia mbele ya wakwe, nao wakacheka.

3. Nimelifikiria jambo hili kama mtu aliyesoma. Gari ni lilelile, dereva yuleyule, mafuta yaleyale. Kinachobadilika ni siku. Ikiwa gari halina kitu, basi Jumamosi ndiyo yenye kitu. Nikawaomba wakwe tuihamishie harusi Jumatatu. Baba wa bwana harusi aliniuliza kama nimekula.

4. Kwa hiyo nadai: harusi ikibaki Jumamosi, ifungwe gerejini, katikati ya matairi, mahali ambapo gari hili halijawahi kuugua. La sivyo, fundi avae suti, akae kiti cha nyuma kati ya bibi harusi na msimamizi wake, ili gari limwone na kumwogopa.

Wasalimie wote hapo ofisini, wachapaji, mpiga picha, na huyo fundi pia. Sina kinyongo naye mpaka Jumamosi.

Ni mimi, msomaji wako mwenye masikio mazima.

Baada ya sahihi: Niliiacha barua hii mezani nikatoka kuliosha gari, kama kila Ijumaa alasiri. Huwa naanza na injini, kwa mpira wa maji, maana gari linalokwenda mbele za watu liwe safi hata moyoni. Binti yangu akasimama mlangoni na kikombe chake cha chai.

"Baba, huwa unaimwagia injini maji kila Ijumaa?"

Kila Ijumaa, nikamjibu kwa fahari.

Akainama, akanionyesha kwa kidole nyaya za plagi. Ni kuukuu kama gari lenyewe, zimejaa nyufa, na maji yalikuwa yametuama mle ndani. Jumamosi umeme unavujia majini kabla ya kufika kwenye plagi; Jumapili jua linazikausha; Jumatatu fundi anakuta gari halina kitu. Kumbe kitu chenyewe nilikuwa mimi. Nikakaa juu ya ndoo. Yeye alicheka mpaka chai ikamwagika, kisha akasema, "Mimi naondoka na hilihili."

Basi, Ndugu Mhariri, futa namba tatu na nne. Wewe fundi, uliyepita juu ya nyufa hizo mara nne bila kuziona, lete nyaya mpya kabla ya Ijumaa. Nawe shemeji, lirudishe gari jeupe leo hii, kisha pitia hapa uuchukue mpira wangu wa maji, ukae nao mpaka harusi ipite.