Nilipojipima kwa Mizani ya Samaki

Leo nimejiponza mwenyewe, siwezi kumsingizia jini wala hasidi. Lakini nina hasira, wallahi!

Nauza samaki hapa Kisauni. Mizani yangu ni ile ya kuning'iniza, springi ndani, mshale nje. Asubuhi akaja Bi Mwanaisha, mteja wangu wa kila siku. Nikamwamkia shikamoo. Badala ya marahaba, ananiambia mbele ya watu: "Mwanangu, mizani yako yala kuliko paka."

Mimi! Mwizi! (Dhambi ninazo, lakini hiyo sina.)

Kina mama wakaanza kurudisha samaki kwenye beseni. Nikaona riziki inaondoka. "Ngojeni! Leo mtaona kwa macho yenu!"

Nikaazima unga dukani, paketi za kilo mbili mbili. Nikatundika ya kwanza: springi ikavutika, mshale kwenye mbili. Ya pili: nne. Ya tatu: sita. Kila paketi yashuka kiasi kilekile, kama imefunzwa madrasa! Watu, "Eeee!" Bi Mwanaisha mwenyewe akasema, "Nimekosa, mwanangu. Nipimie changu wangu."

Hapo mtu mwenye akili angempima yule samaki changu. (Mdomo huu!)

"Mizani hii haidanganyi hata nikijitundika mimi!"

Jirani yangu Kazungu, muuza mkaa, fitina tupu, akadakia: "Jitundike basi, tuone!"

Nikashika ndoano kwa mikono miwili, nikakunja miguu. Springi ikalia kriiii! Ikavutika kama ulimi wa kinyonga, nami nikashuka taratibuuu, makalio yakatua kwenye beseni la samaki. (Suruali ni nyeupe. Ilikuwa.)

Wakacheka, sawa. Nikaachia ndoano, nikangoja mshale urudi sufuri.

Haukurudi. Springi imelegea. Hakuna samaki, hakuna unga, na mshale umesimama kwenye kilo tatu!

Bi Mwanaisha akavaa miwani, akasogea.

"Kumbe."

"Bibi, imeharibika sasa hivi! Si ulikuwapo?"

"Nilikuwapo. Na macho ninayo."

Wakaondoka wote. Jamani, huu ni uungwana? Mwizi wa kweli angenyamaza, saa hii beseni lake tupu! Langu limejaa, na samaki wa juu wamebonyea.

Adhuhuri Bi Mwanaisha kapita tena, kabeba samaki wa muuzaji mwingine. Akasimama, mpole kabisa.

"Mwanangu, nipimie upepo nusu kilo. Na unitolee magamba."