Jinsi Nilivyomfanya Baba Awajibike

Jumatatu, 3 Machi
Shangazi, naapa kuandika yote, hata yatakayoniaibisha, kisha nikutumie kurasa hizi. Mdogo wangu wa kike, yule tunayemwita Komandoo, leo amemsukuma mwenzake kutoka kwenye dawati huku akipiga kelele kwamba adui ameanguka. Jino la mwenzake limetoka! Mwalimu wake anataka kumwona Baba Ijumaa. Komandoo akirudia, atafukuzwa hadi muhula ujao. Chanzo ni gemu la vita alilonunuliwa na Baba. Kwenye kasha pameandikwa 18. Komandoo ana miaka saba. Mwalimu wetu wa uraia anasema mzazi ndiye mlinzi wa kwanza wa mtoto. Kwa hiyo Baba lazima awajibike. Kumwambia waziwazi ni kukosa adabu. Nitatumia akili.

Jumanne, 4 Machi
Nimeliweka kasha kando ya sahani ya Baba, ile 18 ikimtazama. Akaweka glasi juu yake. Nikauliza, kama mtu asiye na habari, 18 maana yake nini. Komandoo akadakia kwamba ni idadi ya bunduki. Baba akasema kumbe, basi bei ilikuwa nzuri. Mpango umegonga mwamba.

Jumatano, 5 Machi
Nimemdokeza Baba kwamba mashine ya gemu ina kufuli la wazazi: unaweka namba ya siri, mtoto hachezi bila ruhusa. Amefurahi sana. Ni fundi wa majokofu, hashindwi na mashine. Akabonyeza, akabonyeza, maandishi yote yakageuka Kichina. Akamwita Komandoo amsaidie. Komandoo akaweka kufuli chapuchapu, na namba akachagua yeye! Taarifa ya habari tunaitazama kupitia mashine hiyohiyo. Jioni Baba ameomba afunguliwe. Komandoo akamwambia amalize kwanza chakula chake.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemshawishi Baba acheze mwenyewe, ayaone mauaji kwa macho yake, roho imsute. Nilitegemea atazima baada ya maiti ya kwanza. Wapi! Komandoo alikuwa akimfokea ainame, ajifiche, mbona mzito kama gunia la simenti. Baba akacheka mpaka machozi. Mama alikuwa bado kwenye duka lake la ushonaji. Yeye aliambiwa ni gemu la mpira.

Ijumaa, 7 Machi
Baba hakufika shuleni. Alikuwa anakomboa daraja kwenye gemu. Mwalimu akampigia Mama simu, na Mama akaenda na futi yake shingoni. Aliporudi akachomoa nyaya, akaifungia mashine kabatini pamoja na vitambaa vya wateja, ufunguo akautia kifuani. Akamwambia Baba kwamba mtoto ni wao, si wa mashine, na kuanzia leo akitoka kazini akae naye. Baba akasema sawa. Sawa tu, Shangazi! Komandoo akalia, akanyamaza, akaomba maji. Mama akaniuliza kwa nini sikumwambia tangu Jumatatu. Nikajibu kwamba nilikuwa na mpango.

Jumapili, 9 Machi
Komandoo amekwenda mwenyewe kumwomba mwenzake msamaha. Baba amemfundisha kuziba pancha ya baiskeli. Nyumba imetulia. Ila leo Baba amemwambia Mama kwamba mashine isipowashwa huingia unyevu, na yeye kama fundi anaona uchungu. Akiupata ufunguo, Komandoo atakaa pembeni yake na tutarudi kulekule. Ningeweza kumweleza Mama wasiwasi wangu, lakini hiyo ni njia nyepesi mno kwa jambo zito kama hili. Nina mpango bora. Wewe ni dada mkubwa wa Baba. Akisikia huwezi kutembea vizuri, atakuja kwako kila jioni, na Komandoo atamfuata. Sasa Shangazi, nijibu mara tu upatapo kurasa hizi, nipate kumpa Baba habari iliyo sahihi: utachechemea mguu upi?