Pikipiki yenye Jalada Kamili

Jumatatu, 7 Oktoba 1996
Bariadi imepatwa na maendeleo bila mimi kushauriwa. Bwana Shigela, mfanyabiashara aliyekuja kutoka Mwanza tangu watu binafsi waruhusiwe kununua pamba, amekodi trekta akachonga barabara ya duara kuzunguka uwanja wa mnada. Tangazo lake limebandikwa mtini: Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kila mwenye pikipiki aje kuzunguka kwa kasi aipendayo. Si mashindano. Maneno "si mashindano" yamepigiwa mstari mara mbili, kwa hiyo ni mashindano.

Mboje amekwisha kujiandikisha. Huyu ndiye anayeandika barua za maombi ya watu katika meza iliyo mkabala na yangu, kwenye baraza ya mahakama. Ana taipureta. Ana pikipiki. Hana sarufi! Leo wateja wangu watatu wamehamia kwake ili waulize habari za mbio, na wakiwa huko wakaandikiwa barua. Mmoja alikuwa na shauri la mpaka wa shamba nililolifikisha aya ya tisa.

Nimeazimia kupata pikipiki. Ya bei ya kadiri. Ya heshima.

Alhamisi, 10 Oktoba 1996
Siku ya mnada. Siku hizi pikipiki zinauzwa pembeni ya mbuzi. Nimekagua tatu.

Ya kwanza, ya katekista kutoka Kalemela. Iliwaka kwa kiki moja. Inanuka dagaa. Nilipoomba kadi, katekista akasema kadi ilianguka ziwani, lakini pikipiki yenyewe ipo, si unaiona? Nikamjibu kwamba kuonekana si uthibitisho. Nimeikataa.

Ya pili, ya Masunga, mchuuzi wa ng'ombe kutoka Mwanhuzi. Nyekundu. Ilinguruma mpaka mbuzi wakakata kamba. Kadi inasema ni ya bluu. Masunga akaniuliza kama nataka kuendesha pikipiki au kuendesha kadi. Nimeikataa kwa maandishi.

Ya tatu! Ya mzee Ngeleja, bwana shamba mstaafu anayeishi ng'ambo ya mto. Aliileta juu ya mkokoteni wa ng'ombe, bila shaka ili isichafuke. Kisha akafungua jalada. Kadi ya asili. Risiti za matengenezo tangu 1971, zimepangwa kwa miaka. Barua ya pongezi yenye muhuri wa mviringo. Nilisoma saa mbili nzima nikiwa nimesimama juani. Inakosekana risiti ya 1983 tu.

Mzee Ngeleja akasema kwa unyofu kwamba pikipiki imepumzika kidogo. Sikuomba iwashwe. Mtu haombi kiapo kwa shahidi mwenye nyaraka kama zile.

Ijumaa, 11 Oktoba 1996
Makubaliano yametiwa saini, nakala tatu. Nimetoa maksai mmoja, nimepokea pikipiki. Nina maksai wawili wa plau, Mwenyekiti na Katibu. Nimemtoa Katibu. Mwenyekiti ana cheo.

Mama Specioza, mke wangu, hakusoma nakala yake. Aliniuliza mambo mawili: kama pikipiki inalima, na kama namjua Mwenyekiti au nimemwona tu akipita. Akanikumbusha kwamba tangu wafundishwe, Mwenyekiti hutembea kushoto na Katibu kulia, ndani ya mfereji. Asipokuwa na mwenzake kulia kwake, Mwenyekiti hulala chini. Nikamweleza kwamba ng'ombe hujirekebisha.

Akasema sawa, baba Specioza. Mvua ya kwanza ikikuta shamba la pamba halijalimwa, nira ataivisha shingo yangu. Upande wa kulia.

Ninaichukulia kauli hiyo kuwa ya mdomo tu.

Jumamosi, 19 Oktoba 1996
Haiwaki.

Nimempelekea Bujiku, fundi wa pikipiki, pamoja na jalada. Jalada akalikalia. Akaingiza waya kwenye bomba la moshi akavuta kiota cha panya. Ndani ya kiota, imetafunwa pembeni lakini inasomeka: risiti ya 1983! Jalada sasa limekamilika. Sijawahi kufurahi hivyo tangu kubarikiwa kwa ndoa yangu.

Bujiku akaniuliza kama nataka na pikipiki iwake, au hii risiti inatosha. Nikamwambia nataka vyote. Akashinda nayo mchana kutwa. Inawaka sasa, mradi isukumwe kwenye mteremko na isizimwe.

Mwenyekiti amelala chini siku ya nne. Mawingu upande wa ziwa.

Ijumaa, 25 Oktoba 1996
Nimemwandikia Bwana Shigela, kwa heshima na taadhima, nikiomba ruhusa ya kuanzia kwenye mteremko. Kurasa tatu. Alijibu kutoka dirisha la gari: "Sawa, mzee." Hakuna tarehe. Hakuna kumbukumbu namba. Tajiri mzima!

Jumamosi, 26 Oktoba 1996
Ninaandika nikiwa nimekaa upande mmoja, kwa sababu za mwili.

Watu wengi kupita siku ya mwenge wa Uhuru. Nilisukumwa, ikawaka, nikaondoka kwa fahari. Nusu duara. Kisha ikakohoa ikanyamaza, mbali kabisa na mteremko. Mboje alinipita mara nne, na kila mara alinyanyua kofia na kunisalimu, "Mwadela, mheshimiwa!" Mara ya nne aliniuliza kama jalada linatumia petroli au dizeli.

Mama Specioza akaja na kamba na Mwenyekiti, akitembea kulia kwake. Tukafunga. Mwenyekiti akatazama kulia, akaona hewa tupu, akalala katikati ya njia. Mboje, aliyekuwa anakuja kwa mara ya tano, akakwepa, akaingia zizi la mbuzi. Pikipiki zote zikasimama. Bwana Shigela akapiga honi. Mwenyekiti hatambui honi.

Mama Specioza akanionyesha kwa kidole mahali pa kusimama. Nikasimama kulia. Nikaweka kamba begani.

Mwenyekiti aliinuka papo hapo! Tukavuta pamoja, yeye na mimi, nusu duara iliyobaki, mbele ya Bariadi yote. Vigelegele. Watu wasiopungua ishirini wameniita Katibu, mmoja wao ni hakimu.

Jumatatu, 28 Oktoba 1996
Mvua imenyesha tangu alfajiri. Shamba linalimwa. Na Katibu!

Jana baada ya ibada Mama Specioza alikodi mkokoteni wa jirani, akapakia pikipiki, akavuka mto. Kwa mzee Ngeleja, Katibu naye alikuwa amelala chini wiki mbili, akingoja mtu kushoto kwake. Mzee akamkabidhi kwa furaha. Bila barua. Bila shahidi. Bila hata nakala moja! Jalada nalo limekwenda. Nilijaribu kubakiza risiti ya 1983, Mama Specioza akaihesabu.

Leo nimekaa barazani. Wateja wawili wamerudi, wanasema mtu aliyefungwa nira hadharani hawezi kuwa na majivuno. Mboje, mguu umefungwa bandeji, akaniita mezani kwake kwa sauti ya chini. Mbuzi wamemtia hofu. Anaiuza pikipiki yake. Inawaka. Akanionyesha jalada: limepigwa chapa lote, lina faharasa, na makosa ya sarufi ninayoweza kuyasahihisha mwenyewe. Atakubali maksai mmoja.

Jioni nilimgusia Mama Specioza kwa mbali. Akasema, akiosha plau, kwamba Katibu haguswi tena katika nyumba hii.

Nimeyapima maneno yake moja moja. Kuhusu Mwenyekiti hakutamka lolote.