Nilivyocheza Ishirini na Moja Matangani

Leo nimejivua nguo hadharani, na nguo zote nilikuwa nimezivaa.

Tuko Shianda, nyumbani kwa senje yetu, dada ya baba, ambaye tutamzika Jumamosi. Ndiye aliyenilea. Tangu Jumanne nimekaa chini ya hema, sisemi, silii. Machozi yangu mimi huchelewa.

Leo mchana akafika binamu yangu Eugene kutoka Nairobi. Kazi yake ni kugawa kadi kwenye kasino. Ana kizibao cheusi na kucha safi kuliko sahani zetu. (Mimi nakata miwa. Kucha zangu msiniulize.) Wazee wakamwomba awaonyeshe mchezo wa huko, watu wachangamke. Akavuta meza, kila mtu akapewa maharagwe ya kuwekea dau.

"Huu ni ishirini na moja," akasema. "Kadi ya nambari inahesabiwa ilivyo. Ya picha ni kumi. A ni moja au kumi na moja, unavyotaka. Kila mtu anashindana na mimi tu. Anayekaribia ishirini na moja ameshinda. Ukipita, umeungua. Ukitaka kadi nyingine, gonga meza. Zikikutosha, punga mkono. Mimi nalazimika kuchukua mpaka nifike kumi na saba."

Hapo mke wangu Phanice akatoka jikoni, mwiko mkononi.

"Shem, hebu rudia hapo kwa A."

Akarudia.

"Na nikiwa na kumi na sita, shem?"

"Hapo ni roho yako, shem."

Phanice akacheka. Jamani! Miaka kumi na moja ya ndoa, hajawahi kuniambia nirudie kitu. (Huniambia ninyamaze, na huwa nimenyamaza tayari.)

Wivu ukanipanda. Sitawadanganya, haukuwa mdogo. Nikavuta kiti.

"Baba Sheila, wewe unaujua huu mchezo?" Phanice akauliza.

"Kadi ni kadi."

Nilitaka kitu kimoja tu: nimshinde Eugene mara moja, Phanice akiona.

Mara ya kwanza nikapata kumi na sita. Nikagonga meza. Ikaja tisa. Nikaungua. Mara ya pili nilikuwa na kumi na nane, nikapunga mkono kama bwana mkubwa. Eugene akafunua ishirini. Phanice akapiga makofi. Akimpigia nani? Eugene!

Mara ya tatu nikasukuma maharagwe yangu yote. Nikainua kadi: A ya shupaza na kumi ya kopa. Damu ikanichemka, nikasahau kila nilichofundishwa. Katika mchezo wetu wa nyumbani, anayemaliza kutupa kadi ndiye mshindi. A inakuruhusu kuomba aina unayotaka, na ukibakiza moja lazima utangaze. Nikaruka juu, nikaipiga ile A mezani, nikatoa sauti yote niliyoifungia tangu Jumanne:

"NAOMBA KOPA! NIKO KADI!"

Huko jikoni walisikia sauti tu.

"Ameanza! Javan ameanza kulia!"

Mayooo! Kina mama wakaja mbio wakilia, leso zikipepea. Mmoja akanikumbatia kutoka nyuma, akanibana mbavu. "Lia, mwanangu! Umekaa nayo sana!" Wageni waliokuwa wakiingia getini nao wakaanza. Mzee mmoja akaanzisha wimbo wa kanisa. Na mimi katikati, kumi ya kopa mkononi.

"Halii!" Phanice akapaza sauti. "Anacheza karata!"

Wimbo ukakatikia njiani. Yule mama akaniachilia polepole, kama mtu aliyeshika sufuria ya moto.

Eugene akaichukua A yangu, akaiweka kando ya ile kumi mkononi mwangu. "Ndugu yangu, hii ni ishirini na moja kamili. Ulikuwa umeshinda tayari. Ungekaa tu."

Ningekaa tu! Kazi niliyoifanya siku tatu bila kufundishwa na mtu!

Phanice akacheka mpaka mwiko ukamponyoka, akaegemea bega. Bega langu. La Eugene lilikuwa karibu zaidi, nilipima kwa macho.

Nawaandikia nikiwa nyuma ya choo. Mkija Jumamosi, tafadhalini, pole mtakayonipa iwe ya senje peke yake.